Uso, Hadhira na Tusi: Historia Fupi ya Ukali wa Maneno, kutoka Malumbano ya Pwani hadi Mkutano wa Kisumu wa 1969 na Baadaye

1.0 Utangulizi

Kisian ni njia panda. Barabara itokayo Kisumu mjini hugawanyika hapo: tawi moja huelekea Maseno, Luanda na Busia, jingine hufuata upande wa ziwa kuelekea Bondo. Reli ya kutoka Kisumu hadi Butere nayo hupita papo hapo. Mahali kama hapo Mjaluo, Mluhya na mpita njia atokaye mbali hukutana kila siku, na lugha zao hukutana vilevile. Makanga na waendesha bodaboda hugombea abiria kwa sauti kubwa, na maneno yao si laini. Hata hivyo, ugomvi huo una mipaka. Bibi kizee akikaribia hupishwa na kuamkiwa. Anayevuka mpaka hukemewa na mwenzake, tena hadharani. Lakini kijana yuleyule anayempisha bibi kizee aweza, akiisha kukaa pembeni na simu yake, kuandika juu ya watu wa chama kingine au wa kabila jingine maneno ambayo asingethubutu kuyatamka mbele ya bibi huyo.

Maelezo yanayotolewa kwa kawaida kuhusu badiliko hili ni mepesi na yanavutia. Inasemwa kuwa mtu huwa mkali zaidi katika intaneti kuliko ana kwa ana kwa sababu uso wa mwenziwe haupo. Maelezo haya yanaafikiana na msemo wa Waswahili kwamba uso umeumbwa na haya. Uso ukiondoka, haya nayo huondoka. Haya ikiondoka, ulimi hubaki bila mlinzi.

Makala haya yanakusudia kuipima kauli hiyo kwa mizani ya historia. Umbali kati ya msemaji na msemwaji haukuanza na kompyuta. Mashairi yalivuka bahari kwa jahazi kabla ya simu. Sauti zilisafiri katika kanda za kaseti kabla ya intaneti. Kwa upande mwingine, baadhi ya matusi mazito yaliyopata kutamkwa hadharani kwa Kiswahili katika Kenya huru yalitamkwa ana kwa ana, mjini Kisumu, safari fupi tu kutoka Kisian. Endapo ni uso peke yake unaozuia tusi, basi historia ya pande zote mbili haina maelezo. Inadaiwa humu kwamba uso ni mahali tu ambapo kwa kawaida masharti fulani ya kijamii hukutana, na kwamba masharti hayo ndiyo yanayoudhibiti ulimi. Yanapokuwepo, umbali hauleti madhara makubwa. Yanapotoweka, uso hausaidii kitu.

2.0 Uso katika lugha na katika nadharia

Kiswahili chenyewe kina nadharia ya uso. Mtu asiyeona aibu husemwa kuwa ana uso mkavu au macho makavu. Anayedekezwa mno husemwa kuwa amepewa uso. Anayechukia hukunja uso; aliyefedheheshwa huuinamisha. Katika semi hizi uso si kiungo cha mwili tu, bali ni amana ya heshima ambayo mtu hupewa na wenzake, na ambayo wenzake hao waweza kuiondoa.

Dhana hii inakaribiana na ile ya Erving Goffman, aliyeandika juu ya kazi ya kulinda uso mwaka 1955, na ile ya Penelope Brown na Stephen Levinson, ambao nadharia yao ya adabu ilitolewa kwa sura ya kitabu mwaka 1987. Kwa mujibu wa Brown na Levinson, uzito wa tendo linalotishia uso hutegemea mambo matatu: umbali wa kijamii baina ya wahusika, tofauti ya mamlaka baina yao, na ukubwa wa jambo lenyewe katika utamaduni husika. Yafaa kusisitizwa kuwa umbali unaozungumziwa hapo si wa maili. Ndugu walio katika nchi mbili waweza kuwa karibu, ilhali majirani waliotenganishwa na ua wa michongoma waweza kuwa mbali.

Wanasaikolojia wa intaneti wameukazia zaidi umbali wa mwili. Mwaka 2004 John Suler alieleza sababu sita zinazoulegeza ulimi wa mtumiaji wa mtandao, zikiwamo kutojulikana, kutoonekana, na kutojibiwa papo hapo. Mwaka 2012 Noam Lapidot-Lefler na Azy Barak walichapisha matokeo ya jaribio lililoonyesha kuwa, kati ya kutojulikana, kutoonekana na kukosa kutazamana macho, ni hilo la mwisho lililochangia zaidi ukali wa maneno. Hadi hapo msemo wa Waswahili unaonekana kuthibitishwa. Lakini mwaka 2022 Alexander Bor na Michael Bang Petersen, waliochunguza mijadala ya siasa nchini Marekani na Denmark, walifikia uamuzi wa namna nyingine: wale walio wakali mtandaoni kwa kiasi kikubwa ndio haohao walio wakali nje yake. Kilichobadilika zaidi ni kwamba ukali wao sasa unaonekana na watu wengi.

Tafiti hizi mbili si lazima zipingane. Moja inauliza kile kinachompata mtu mmoja akiondolewa macho ya mwenziwe. Nyingine inauliza kile kinachoipata jamii tusi linapopata hadhira mpya. Swali la pili ndilo la kihistoria zaidi, na fasihi ya Kiswahili ina ushahidi mwingi wa kulijibu.

3.0 Umbali wenye sheria: Mombasa na Lamu

Muyaka bin Haji aliishi Mombasa mwishoni mwa karne ya 18 na katika miongo minne ya kwanza ya karne ya 19, zama ambazo Wamazrui waliotawala Mombasa walikuwa wakishindana na Wabusaidi wa Omani. Baada ya vita vya Shela, vilivyopiganwa kati ya 1812 na 1813 kwa kadirio la wanahistoria, Lamu iliegemea upande wa Seyyid Said, na uhasama wa miji hiyo miwili ukaingia katika ushairi. Muyaka alitunga kwa ajili ya mji wake. Zahidi Mngumi wa Lamu naye akawa mmoja wa waliotunga kwa ajili ya wake. Mashairi hayo yalihifadhiwa katika vichwa vya watu na katika hati za Kiarabu, yakakusanywa mwishoni mwa karne ya 19 na W. E. Taylor akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, yakatolewa na William Hichens mwaka 1940, na hatimaye yakachunguzwa kwa kina na M. H. Abdulaziz katika kitabu chake cha 1979.

Hali ya malumbano haya ina sifa zote ambazo nadharia ya leo inazihusisha na ufidhuli. Washindani walitenganishwa na bahari. Hawakutazamana machoni. Jibu halikuja papo hapo, bali lilingoja pepo. Aidha, nyuma ya maneno palikuwa na vita vya kweli na watu waliokufa. Kwa nini basi malumbano hayo hayakuteremka yakawa matusi matupu?

Jibu liko katika fani. Mshairi aliyetaka kumjibu mwenziwe alipaswa kulijibu shairi kwa shairi, kwa mizani iliyokubaliwa na vina vilivyokamilika, na aghalabu kwa kuliendeleza fumbo lililofungwa na mpinzani wake. Asiyeweza kulifumbua fumbo alikuwa ameshindwa hata kabla ya kutukana. Zaidi ya hayo, hadhira ya Mombasa na ya Lamu ilikuwa na vigezo vilevile vya kuamua shairi lipi limetoka na lipi limekwama. Hadhira hizo zilikuwa maadui katika siasa, lakini mahakimu wa sheria moja katika utunzi. Kwa hiyo adui hakuwapo kwa uso, ila alikuwapo kwa haki yake ya kujibu. Kila beti iliyotoka Mombasa ilitungwa kwa kujua kwamba itapimwa Lamu, na kwamba jibu lake litarudi kupimwa Mombasa.

Si sahihi, hata hivyo, kudhani kuwa fani iliwafanya watunzi hao kuwa wapole. Fumbo laweza kuuma kuliko tusi. Fani iliulazimisha ukali upite katika kazi, na kazi humchosha mwenye hasira kabla hajafika kwa adui yake. Anayetafuta kina cha kati kwa nusu siku hawezi kubaki na ghadhabu ileile aliyoanza nayo.

Utaratibu huu uliendelea katika magazeti. Mambo Leo, lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923, na Baraza, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1939, yaliyafungulia mashairi ya wasomaji kurasa zake, na watunzi wasiojuana kwa sura wakajibizana. Hapo panaondoka hoja nyingine ya siku hizi, yaani kwamba jina la kupanga ndilo linalozaa ufidhuli. Watunzi wengi walitumia lakabu, lakini lakabu zao zilikuwa na sifa ya kulindwa. Aliyejiita malenga wa mahali fulani alikuwa ameweka rehani jina lake na la mahali hapo pia. Kati yake na mpinzani wake alikuwapo mhariri, ambaye aliweza kulikataa shairi kwa kosa la adabu au kwa kosa la mizani. Mgogoro wa ushairi uliozuka baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974 ulikuwa mkali, na wapo waliovunjiana heshima kwa maandishi. Lakini kila upande ulilazimika kuleta hoja, kwa sababu upande wa pili ungejibu mbele ya wasomaji walewale.

4.0 Uso wenye bei: pakruok na utani

Tukirudi upande wa ziwa, mfano ulio kinyume cha huo unapatikana katika pakruok ya Wajaluo. Mpigaji nyatiti, ala ya nyuzi nane, huwa anatumbuiza mbele ya watu. Mmoja wa wasikilizaji hutoa fedha na kuusimamisha muziki. Katika kimya alichokinunua hujigamba: hujisifu yeye, ukoo wake, rafiki zake na nchi yake, na mara nyingi huwachoma waliokaa mkabala naye. Akiisha, muziki huendelea hadi mwingine atoe fedha zake na kujibu. Muziki wa benga na kumbi za vinywaji za Kisumu ziliirithi desturi hii.

Wahusika wa pakruok wanaonana uso kwa uso, wengine wakiwa wamelewa, na maneno yanayotupwa yangeweza kuzua ugomvi mahali pengine. Haya ya uso peke yake haitoshi kueleza kwa nini aghalabu ugomvi hauzuki. Sababu ni kwamba nafasi ya kusema inanunuliwa, ina mwanzo na mwisho, na kila aliyechomwa anajua kuwa nafasi ileile inauzwa kwake pia kwa bei ileile. Mpiga nyatiti ndiye mwamuzi. Akirudisha vidole kwenye nyuzi, zamu imekwisha.

Utani nao ni wa namna hiyo. Babu na mjukuu, au watu wa makabila yenye uhusiano wa utani, huambiana ana kwa ana maneno ambayo yangekuwa kosa kubwa kama yangesemwa na mwingine, hata msibani. Wanaoheshimiana mno, kama vile mkwe na mkwewe, huepukana na kupimiana maneno. Kwa hiyo jamii haikuliacha suala la ulimi mikononi mwa uso. Ilipanga ni nani aweza kumwambia nini nani, mbele ya nani, na kwa malipo gani. Kanga nayo iliingia katika mpango huo. Kama alivyoonyesha Rose Marie Beck mwaka 2001, jina la kanga humwezesha mvaaji kusema na kukana kwamba amesema, kwa kuwa maneno ni ya nguo na hakuna aliyetajwa. Uso wa mvaaji upo pale pale. Kinachowekwa mbali ni dhima ya maneno.

5.0 Kisumu, tarehe 25 Oktoba 1969

Kama masharti hayo ndiyo yanayoudhibiti ulimi, basi yakivunjika matusi yatatokea hata mbele ya uso. Hilo ndilo lililotokea Kisumu.

Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa rais mwezi Aprili 1966 na kuiongoza Kenya People's Union. Mwaka uliofuata alichapisha Not Yet Uhuru, kitabu ambacho ndani yake aliyatoa malalamiko yake juu ya mwelekeo wa serikali. Kwa muda wa miaka mitatu mgogoro wake na Rais Jomo Kenyatta uliendeshwa kwa sehemu kubwa kutoka mbali: katika kitabu, magazetini, bungeni, na katika mikutano ambayo mmoja alikuwapo na mwingine hayupo. Ulikuwa mgogoro mchungu. Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya aliuawa kwa risasi Nairobi, na huzuni ya Wajaluo ikageuka hasira. Katika hali hiyo, Jumamosi tarehe 25 Oktoba 1969, Kenyatta alifika Kisumu kufungua hospitali mpya ya Nyanza, iliyojengwa kwa msaada wa Urusi ya Kisovieti na ambayo wenyeji waliiita Russia hadi miongo mingi baadaye.

Hapo wakuu hao wawili walikuwa ana kwa ana. Walifahamiana kwa miaka mingi, na Odinga ndiye aliyethubutu kumtetea Kenyatta hadharani mwaka 1958, Kenyatta alipokuwa angali kifungoni. Kama kuonana uso kungeuzuia ulimi, mahali pake palikuwa hapo. Sehemu ya umati ilimzomea Rais na kupaza kaulimbiu za KPU. Kenyatta alijibu kwa Kiswahili, katika kipaza sauti, kwa matusi ya nguoni yaliyogusa wazazi wa waliomzomea. Alimgeukia Odinga kwa jina, akamkumbusha urafiki wao, na akaashiria kwamba ni urafiki huo tu uliokuwa ukimwepusha na kifungo. Wafuasi wake wakaahidiwa kusagwa kama unga. Ghasia zilizuka, walinzi na polisi wakafyatua risasi. Idadi iliyotolewa na serikali ilikuwa watu 11 waliouawa. Wengine wametaja idadi kubwa zaidi. Tarehe 30 Oktoba KPU ilipigwa marufuku, na Odinga na viongozi wenzake walikuwa wamekwisha kutiwa kizuizini. Kenyatta hakurudi Kisumu hadi alipofariki mwaka 1978.

Mhakiki wa fasihi anapolitazama tukio hili kama utendaji, mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, ingawa maneno yalielekezwa kwa Odinga na kwa waliozomea, hadhira yake haikuwa hao tu. Kipaza sauti na vyombo vya habari viliyachukua hadi kwa watu wasiokuwapo, ambao ndio waliopaswa kuona kwamba Rais hatishwi. Uso wa Odinga uliokuwa karibu ulikuwa nyenzo ya kuwasemesha walio mbali. Pili, hapakuwa na mwamuzi. Mpiga nyatiti aweza kurudisha vidole kwenye nyuzi na mhariri aweza kulikataa shairi, lakini hapakuwa na mtu wa kumnyang'anya Rais kipaza sauti. Tatu, haki ya kujibu haikuwa sawa. Upande mmoja ulikuwa na mizomeo, upande wa pili ulikuwa na kipaza sauti na bunduki. Msema pweke hakosi, walisema wahenga. Na mwenye dola huweza kuwa msema pweke hata katikati ya umati.

Haitoshi kusema kwamba Kenyatta alichokozwa. Alichokozwa, ndiyo. Lakini washairi wa Mombasa na Lamu walichokozana pia, na walevi wa pakruok huchokozana kila wikiendi. Kinachotofautisha ni kwamba Kisumu uchokozi ulijibiwa na mtu ambaye asingejibiwa tena kwa kipimo kilekile. Tusi lililotamkwa kutoka katika nafasi hiyo halikuwa tena neno la kushindania heshima, bali lilikuwa ilani ya kitakachofuata.

6.0 Sauti bila uso: kaseti na ujumbe mfupi

Miaka mitano baada ya Kisumu, katika uchaguzi wa 1974 na marudio yake ya 1975, Lamu ilishuhudia malumbano ya kisiasa ya ushairi yaliyojulikana kama Kimwondo, ambayo Assibi Amidu aliyachapisha na kuyachambua mwaka 1990. Watunzi wa pande mbili walishambuliana kwa mashairi yaliyoghaniwa na kurekodiwa katika kanda za kaseti, na kanda hizo zikapita mkono kwa mkono. Huu ni mfano wa thamani kubwa kwa mada hii, kwani sauti ya mtunzi ilikuwapo nyumbani kwa hasimu wake bila uso wake. Maneno yalikuwa makali, na majina ya watu yaliguswa. Hata hivyo, mkondo uliotawala ulikuwa wa kujibizana: kanda ilijibiwa kwa kanda, shairi kwa shairi, na mji mdogo ambamo kila sauti ilitambuliwa ukawa mwamuzi. Teknolojia ilikuwa mpya, lakini masharti ya Muyaka yalikuwa bado hai.

Hali ilikuwa tofauti wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007. Simu ya mkononi ilikuwa imeenea Kenya nzima, na ujumbe mfupi ukawa njia ya kueneza uvumi na chuki. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, ambayo ilihesabu vifo 1,133, iliorodhesha jumbe hizo pamoja na vikaratasi na matangazo ya baadhi ya vituo vya redio miongoni mwa mambo yaliyochochea uhasama. Ni katika muktadha huo ambapo Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa mwaka 2008, iliyolifanya tamko la chuki ya kikabila kuwa kosa la jinai.

Yafaa kuulizwa jumbe hizo zilitumwa kwa nani. Kwa kawaida ujumbe uliolitukana kabila fulani haukutumwa kwa mtu wa kabila hilo. Ulitumwa kwa ndugu, rafiki na mwenzi, ukiwa na ombi kwamba naye awatumie wengine wa kwao. Kwa maneno mengine, mtumaji hakuwa akimwambia adui neno lisilosemeka mbele ya uso wake. Alikuwa akizungumza na nyuso anazozipenda, juu ya watu wasiokuwapo. Asiyekuwapo na lake halipo. Ukosefu wa uso wa adui ulikuwa na sehemu yake, lakini nguvu ya tusi ilitoka katika uwepo wa rafiki: tusi lilikuwa kitambulisho cha uaminifu baina ya wapokezi.

7.0 Masengenyo yaliyopoteza kuta

Jambo hili linatoa ufunguo wa kuuelewa ukali wa intaneti. Sehemu kubwa ya kinachoitwa ufidhuli wa mtandao si mazungumzo ya ana kwa ana yaliyoharibika, bali ni masengenyo yaliyopoteza kuta. Watu daima wamesema juu ya wasiokuwapo maneno ambayo hawakuyasema mbele yao. Kuta za jikoni, kilabu cha pombe na kivuli cha mti kituoni vilikuwa na kazi ya kuhifadhi amani: yaliyosemwa humo yalibaki humo, na aliyeyatoa nje alipewa jina baya la mfitini. Jamii iliitambua hatari ya masengenyo, ikayaundia nyumba. Mtandao umeibomoa nyumba hiyo. Anayeandika akidhani anazungumza na wenziwe wa kituoni Kisian husomwa Eldoret, Mombasa na Muscat. Aliyesengenywa husoma pia, naye hulipokea neno kana kwamba alitukanwa usoni. Akijibu, hujibu mbele ya rafiki zake mwenyewe, na neno lake hupimwa kwa kuwaridhisha hao. Hadhira mbili zinatazama ugomvi mmoja, kila moja kwa kipimo chake, wala hakuna vina vya kuziunganisha kama vilivyoziunganisha Mombasa na Lamu.

Pingamizi mojawapo lastahili kuzingatiwa. Huenda ikasemwa kwamba malumbano ya pwani yalikuwa ya mabingwa wachache, kwa hiyo hayawezi kulinganishwa na usemi wa umma. Pingamizi hili lina ukweli. Asiyejua mizani hakuwa na nafasi katika malumbano, na wengi walionyimwa nafasi walikuwa maskini, wanawake na watumwa. Mtandao umewapa wengi sauti ambayo fani iliwanyima, na hilo si jambo la kubezwa. Lakini pingamizi hilohilo linathibitisha kuwa kilichowazuia mabingwa hao hakikuwa uso. Na pakruok, ambayo si ya mabingwa, inaonyesha kuwa masharti yaweza kuwekwa yakawa mepesi kiasi cha kutimizwa na yeyote mwenye sarafu mfukoni.

8.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kuwa tusi halifuati umbali kwa njia iliyonyooka. Mombasa na Lamu zilikuwa mbali, zikajibizana kwa sheria. Wenye kujigamba mbele ya nyatiti wako karibu, wanachomana kwa sheria. Kisumu mwaka 1969 watu walikuwa ana kwa ana, na sheria haikuwapo. Kinachojirudia katika mifano yote ni mambo matatu: haki ya msemwaji kujibu kwa kipimo kilekile, mwamuzi au hadhira inayokubaliwa na pande zote mbili, na gharama ambayo msemaji huilipa, iwe ya kazi ya utunzi, ya fedha au ya jina. Kukutana uso kwa uso kwa kawaida huleta yote matatu pamoja, ndiyo sababu uso umesifiwa kwa kazi ambayo si yake peke yake.

Tofauti hii si ya kinadharia tu. Dawa inayopendekezwa mara kwa mara ni kumlazimisha kila mtumiaji wa mtandao aonyeshe jina na sura yake, au kumtia hatiani kwa sheria pana. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Kenya ilikibatilisha kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichoadhibu matumizi mabaya ya vyombo vya mawasiliano, pamoja na mambo mengine kwa sababu maneno yake hayakuwa na mipaka inayoeleweka. Historia inaunga mkono tahadhari hiyo. Sheria isiyo na mipaka humpa mwenye nguvu kipaza sauti na humnyang'anya mnyonge haki ya kujibu, yaani huirudisha Kisumu ya 1969. Jina na sura nazo hazitoshi: aliyetukana siku hiyo alijulikana kwa jina na kwa sura na kila aliyekuwapo.

Waliokufa Kisumu hawakuuawa na tusi. Waliuawa na risasi. Lakini tusi liliitangulia risasi, na lilitamkwa macho kwa macho. Barabara iendayo Bondo, nyumbani kwa Odinga, ingali inapita Kisian, na vijana wa kituoni wangali wanawapisha bibi vizee na kukemeana mmoja wao anapozidi. Wakifanya hivyo wanatenda kazi ileile ya mpiga nyatiti na ya mhariri wa zamani. Kazi hiyo ndiyo ambayo bado haijapata mtu wa kuifanya katika simu zao.